Sadaka Inapovuka Mpaka wa Vita: Fedha za Misaada Mashariki mwa Kongo na Wajibu Wetu wa Uwakili

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Katikati ya Februari mji wa Bukavu nao ukafuata. Tulisikia habari za milio ya risasi, za hospitali zilizofurika majeruhi, na za familia zilizohama mara ya pili na ya tatu zikiwa na magodoro kichwani. Jambo moja lilisemwa kidogo zaidi: benki za Goma zilifunga milango yake, na uwanja wa ndege, uliokuwa lango kuu la misaada, ukafungwa. Kuhamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kazi ambayo mhasibu wa hapa Dodoma huimaliza kwa dakika chache, kukawa kwa wahudumu wa misaada wa Kivu jambo la uhai na mauti.

Waamini wetu hutoa kwa moyo. Kila Kwaresima, na kila inapotangazwa michango maalumu, jumuiya ndogo ndogo huleta kilichopatikana katika mtama, alizeti na zabibu, hata katika miaka ambayo mvua za Dodoma zimekatika mapema. Wakisha kutoa, wengi huuliza: Je, sadaka hii hufika? Swali hilo halitokani na upungufu wa imani. Ni swali la haki, na makala haya yanakusudia kulijibu kwa kutazama mahali ambapo jibu lake ni gumu kuliko kwingine kote jirani nasi.

Fedha isiyo na njia

Mradi wa misaada wakati wa amani hufuata njia inayojulikana. Mfadhili hutuma fedha benki, mhasibu huandaa hati ya malipo, watu wawili hutia sahihi, mfanyabiashara hutoa stakabadhi, na mwishoni mkaguzi wa hesabu hupitia yote. Benki zikifungwa, mnyororo huo hukatika katika pete yake ya kwanza.

Huko Goma zilibaki njia tatu, na kila moja ina kasoro yake. Ya kwanza ni kuvuka mpaka. Wakazi wengi walilazimika kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta fedha taslimu. Lakini mhudumu anayerudi na bahasha ya dola kupitia vizuizi vya watu wenye silaha hubeba hatari kubwa mwilini mwake. Ya pili ni fedha kwa njia ya simu. Hii imewaokoa wengi, ila wakala asiye na noti hawezi kumpa mjane chochote, na noti zinapoadimika wakala huongeza makato yake. Ya tatu ni mfanyabiashara mwenye bidhaa ghalani, anayekubali kutoa unga na maharage Kivu huku akilipwa katika akaunti iliyo mji mwingine. Njia hii huenda haraka, lakini ni rahisi bei kupandishwa, na ni vigumu kwa mkaguzi kuithibitisha.

Mwezi Aprili 2025 M23 ilifungua upya mjini Goma ofisi za CADECO, benki ya akiba ya serikali, bila ridhaa ya Kinshasa. Kwa mtu wa nje hiyo ingeonekana nafuu. Kwa mweka hazina wa shirika la misaada ni mtego, kwa sababu M23 imo katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu Desemba 31, 2012. Shirika linalopitisha fedha zake mikononi mwa kundi hilo laweza kuambiwa kwamba linaligharimia.

Hapo huongezeka uzito mwingine. Oktoba 2022 chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, FATF, kiliiweka Kongo katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Nchi yetu iliingizwa siku hiyo hiyo. Tanzania ilitolewa Juni 2025, na Kongo ikabaki. Katika hali kama hiyo benki za Ulaya na Marekani huuliza maswali mengi kabla ya kupitisha malipo, na pengine hukataa kabisa. Sheria zilizotungwa ili kumbana mwenye bunduki humchelewesha pia mwenye kikapu cha chakula.

Mfadhili alipoondoka

Januari 20, 2025, juma lile lile Goma ilipokuwa inakaribia kuanguka, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha kwa siku 90 misaada yake ya nje. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, takriban asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo mwaka 2024 zilitoka Marekani. Kufikia Julai 1, 2025, shirika la USAID lilikuwa limekoma kufanya kazi kama chombo kinachojitegemea. Mashirika mengi yalibaki na madeni ya kazi zilizokwisha kufanyika, mishahara ya wauguzi isiyolipwa, na bohari zisizo na mlinzi. Huko Bukavu, mwezi Februari, tani zipatazo 7,000 za chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ziliporwa.

Hapa kuna fundisho la utawala wa fedha linalotuhusu hata sisi. Nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja huanguka nguzo hiyo inapoondolewa, hata kama nguzo yenyewe ilikuwa imara. Shilingi chache za parokia nyingi haziwezi kujaza pengo la mamilioni ya dola. Hata hivyo zina sifa moja: haziondoki zote siku moja kwa amri ya mtu mmoja.

Wizi upo, na una mbinu

Haitufai kuficha kwamba fedha za misaada huibiwa. Mwaka 2018 shirika la Mercy Corps liligundua udanganyifu katika mpango wake wa msaada wa haraka mashariki mwa Kongo, na hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 600,000. Uchunguzi mpana ulioandaliwa kwa ajili ya wafadhili, ambao ulifahamika hadharani mwaka 2020, ulionyesha jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi. Idadi ya wakimbizi wa ndani hukuzwa, majina ya watu wasiostahili huingizwa katika orodha, fedha hutolewa, kisha hugawanywa kati ya baadhi ya viongozi wa vijiji, wafanyabiashara na watumishi wa misaada wenyewe.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wakongo peke yao. Baada ya tetemeko la ardhi la Kagera la Septemba 2016, Rais wa wakati huo alitengua uteuzi wa watumishi wawili wa umma kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti ya maafa. Palikuwa na amani, benki zilikuwa wazi, na wanahabari walikuwapo. Kama tuhuma za namna hiyo zinaweza kuzuka katika mazingira hayo, si ajabu kishawishi kikawa kikubwa zaidi palipo na vita.

Mtume na kikapu cha Yerusalemu

Kanisa halikuanza jana kushughulika na jambo hili. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Aliwaagiza Wakorintho wachague watu wanaowaamini wao wenyewe, na katika Waraka wa Pili, sura ya nane, anaeleza sababu: hakutaka mtu yeyote apate la kulaumu juu ya fedha nyingi namna ile, na alitaka mambo yawe mema mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Mtume aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili hakuona aibu kukaguliwa. Nasi twakumbuka kwamba hata miongoni mwa wale Kumi na Wawili aliyeshika mfuko ndiye aliyeutumia vibaya.

Sheria ya Kanisa imeyaweka mafundisho hayo katika kanuni. Kanuni ya 1267 inaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa watende kama baba mwema wa nyumba, wakitunza vema vitabu vya mapato na matumizi. Kanuni ya 1287 inawadai wawape waamini taarifa ya mali walizozitoa. Papa Benedikto XVI, katika barua yake ya Novemba 2012 juu ya huduma ya upendo, aliwakumbusha maaskofu wajibu wa kusimamia vyombo vya misaada vilivyo chini yao, ikiwa ni pamoja na kupokea taarifa za fedha za kila mwaka.

Usemi unaosikika kuwa mtakatifu

Baadhi yetu husema: "Kila shilingi tunayotoa imfikie maskini, isitumike ofisini hata senti." Usemi huu unasikika kuwa mtakatifu, lakini ukifuatwa ulivyo humwangamiza maskini. Mhasibu anayegundua jina la mtu hewa katika orodha hulipwa mshahara. Mkaguzi anayekwenda kijijini kuuliza kama mjane alipata mifuko miwili au mmoja huhitaji nauli. Shirika lisilo na fedha za usimamizi ni ghala lisilo na kufuli. Tunachopaswa kudai ni kwamba gharama hizo ziwe za kiasi, zijulikane na zipatane na kazi.

Kosa la upande wa pili ni kudai usalama usio na dosari. Mfadhili aliye mbali hutaka stakabadhi tatu za bei kutoka kwa wafanyabiashara watatu katika mji ambamo duka lililo wazi ni moja. Asipozipata hukataa kurejesha gharama, na hasara humwangukia mdogo kuliko wote, yaani ofisi ya jimbo au parokia ya Kivu iliyokwisha kuwalisha watu. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ingewafikia watoa huduma wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Ahadi hiyo haikutimizwa. Hatari imekabidhiwa kwa mwenyeji, na fedha zimebaki kwa mgeni.

Uwakili mwema katikati ya vita ni kukubaliana mapema: njia ipi itatumika benki zikifungwa, ni nani atashuhudia ugawaji, kiasi gani cha juu kibebwe taslimu, na hasara isiyo ya hila italipwa na nani. Palipokosekana stakabadhi, orodha isomwe hadharani mbele ya wanakijiji, maana jirani hujua ni nani aliyepo na ni nani asiyekuwapo. Na awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye si yule anayegawa.

Tuanzie nyumbani

Wazee wa Ugogo walituachia kumbukumbu ya njaa waliyoiita Mtunya, iliyotokea mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyoifuata. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukamaliza kilichobaki. Basi vita vya wengine viliwahi kulishwa kwa ghala zetu. Anayelala leo chini ya turubai huko Kivu, au katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ambako Wakongo wamehifadhiwa tangu 1996, si mtu wa habari ngeni kwetu.

Kwa hiyo, wapendwa, tuendelee kutoa, na tuendelee kuuliza. Mchango unapotangazwa, ulizeni unakwenda wapi na kupitia kwa nani. Baada ya miezi sita ulizeni taarifa yake. Kamati ya fedha ya parokia, ambayo kanuni ya 537 inaitaka iwepo katika kila parokia, isomee waamini mapato na matumizi kwa lugha wanayoielewa. Mweka hazina wa jumuiya aandike hata shilingi mia tano, na watu wawili wahesabu kikapu. Mwamini aliyezoea kupewa hesabu kigangoni kwake atajua kuidai, kwa heshima na bila woga, itakapohusu Goma. Na yule mhudumu wa Kivu anayevuka kizuizi akiwa na orodha ya majina mfukoni atajua kwamba huku nyuma yake wapo ndugu wanaomwombea, wanaomwamini, na wanaosoma taarifa yake hadi mstari wa mwisho.