Lupita Nyong'o na Lafudhi ya Mtoto wa Voi

Tangu Machi 2, 2014, Lupita Nyong'o alipotunukiwa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa kuigiza Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave, sisi Wakenya tumemzungumzia kwa namna mbili. Wako wanaosifu sura na mavazi yake, na wako wanaoshikilia kwamba alifunguliwa milango na jina la babake. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni isimu, la kustaajabisha zaidi ni ulimi wake.

Lupita alizaliwa Mexico mwaka wa 1983, babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko. Jina lenyewe ni la Kihispania: ni udogo wa Guadalupe. (Wanafunzi wa sarufi watambue kwamba Wahispania huweka kiambishi cha udogo mwishoni mwa neno, ilhali Waswahili hukiweka mwanzoni.) Akalelewa Kenya katika Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Alipotimu miaka 16, wazazi wake walimpeleka tena Mexico ajifunze lugha ya jina lake, na Kihispania hicho alikuja kukitumia kwenye filamu ya Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka wa 2022.

Akiwa na umri wa miaka 14 alikuwa tayari amemwigiza Juliet wa Shakespeare na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi. Mwaka wa 2009 alionekana katika tamthilia ya runinga ya Shuga, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu shahada ya uzamili katika uigizaji mwaka wa 2012. Baada ya Oscar ikaja Queen of Katwe (2016), ambamo yeye ni Harriet, mama maskini wa Kampala. Hapo aliacha Kiingereza cha Nairobi na cha Marekani pia, akajifunza kile cha Waganda. Katika Us (2019) aliigiza wahusika wawili wenye sura moja, na ukifumba macho utawatofautisha kwa sauti tu.

Nayataja haya kwa sababu ya jambo ninaloliona kila msimu wa tamasha za drama za shule unapofika Voi. Msichana huvikwa leso na kupewa mkongojo awe bibi kizee wa milima ya Sagalla, kisha akifungua kinywa, anazungumza kama mtangazaji wa redio ya Nairobi, "r" zake zimeviringwa kama za Mmarekani. Hata waamuzi humpongeza. Anayemfuata huzungumza kama bibi yake hasa, na karatasi yake ya alama huandikwa maneno yale yale ya miaka yote: athari za lugha ya mama. Huko Marekani watayarishaji wa filamu huajiri wakufunzi wa kumfundisha mwigizaji lafudhi ya mahali. Huku kwetu mtoto aliyeipata bure nyumbani hukatwa alama.

Na Taita Taveta si maskini wa lugha. Kidawida kina ujamaa na Kichaga, Kisaghala kina mengi yanayokikaribisha na lugha za pwani, Kitaveta kina njia yake kando. Mji wa Voi, kwa kuwa ni njia panda ya reli na barabara, umeongeza Kikamba, Kiduruma na nyinginezo. Mtoto wa hapo husikia katika siku moja ya soko tofauti za sauti ambazo mimi huwafafanulia wanafunzi wangu kwa muhula mzima.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, kwamba Lupita ni mtoto wa profesa aliyekuja kuwa waziri, na msichana wa Mwatate hana nauli ya kufika Mombasa, sembuse Yale. Ni kweli, na sidai kwamba lafudhi pekee humfikisha mtu Hollywood. Pili, kwamba shule ina wajibu wa kufundisha Kiswahili sanifu. Hilo nalifundisha mwenyewe. Lakini insha ya mtihani ni kitu kimoja na kinywa cha mhusika ni kingine. Mwalimu asiyevitenganisha viwili hivi humharibia mwanafunzi vyote.

Kisa maarufu zaidi cha nchi hii, cha simba wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka wa 1898, kilifanywa filamu mwaka wa 1996 kwa jina The Ghost and the Darkness. Ilipigwa Afrika Kusini, na Mwafrika mwenye nafasi kubwa humo, Samuel, aliigizwa na John Kani wa huko huko.

Visa vingine vipo. Mwaka wa 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasighau waliondolewa mlimani kwao na serikali ya kikoloni, wakashukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakapelekwa Malindi. Shule yoyote ya Voi inaweza kuuandika mchezo huo kwa ajili ya tamasha lijalo. Waamuzi nao waulizwe mapema watampa alama ngapi mama wa Kasighau atakayelia kwa lafudhi ya Kasighau.