Kabla ya fundi kupanda paani
Wengi wanaokarabati nyumba kwa mara ya kwanza huhesabu simiti, rangi na ujira wa fundi. Paa kuukuu la asbestosi huachiwa vijana walibomoe kwa nyundo, watoto wakitazama. Huo ni uzembe. Likivunjwa, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo zikivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka 20 au zaidi baadaye. Leso puani haizizuii. Kanuni za mwaka 2006 ziliiweka asbestosi katika orodha ya taka hatari, na wanaoisafirisha sharti wawe na leseni ya NEMA. Gharama yao ni kubwa, ndiyo. Basi jiko jipya na lingoje. Wala jirani asipewe vipande hivyo aezekee banda la kuku.