Jiwe, betri na hatari ya neno moja

Kwa miaka mingi, wasemaji wengi wa Kiswahili walitofautisha *mawe* ya tochi na redio na *betri* ya gari. Jiwe lilitumika, likaisha, likatupwa; betri ya risasi, yenye volti 12, ilichajiwa tena na tena. Leo taa za sola na pawabanki zimeenea majumbani, na neno *betri* limevimeza vyote viwili.

Hapo ndipo penye hatari. Betri ya zinki ya volti 1.5 na ile ya nikeli ya volti 1.2 huweza kufanana kabisa kwa umbo na ukubwa. Lakini ya kwanza ikitiwa kwenye chaja yaweza kuvuja, hata kupasuka. Maelezo yasemayo "chaji betri" bila ufafanuzi humwacha mtumiaji akibahatisha.

Mfasiri hana budi kuandika *betri ya kuchajiwa* au *betri isiyochajiwa*, hata kama matini asilia imenyamaza lakini kifaa kinajulikana. Nayo *jiwe* isidharauliwe kuwa lugha ya mtaani: ilihifadhi tofauti ambayo neno *betri*, likiwa peke yake, limeifuta.