Pesa ya Msimu, Gari la Kila Mwezi

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana na watu wa rika langu, tena waliosoma: kwamba gari la kispoti la zamani ni njia rahisi ya kufika pazuri. Altezza ya mwaka 2001 kwa bei ya bodaboda tatu. Subaru yenye turbo kwa bei ya kiwanja pembeni mwa Kahama. "Mjapani haharibiki," wanasema, na mjadala unafungwa. Mimi nataka kuufungua tena, kwa sababu hapa Ushetu uongo huu unakula mitaji, na wanaoliwa ni wale wale tuliotegemea wawe wepesi wa hesabu kuliko wazazi wao.

Nitende haki kwanza. Altezza si gari baya. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS. Ile ya RS200 ilibeba injini ya 3S-GE ya lita 2, ambayo kwenye gari la gia za mkono ilitoa nguvu za farasi 210 bila turbo. Anayeipenda ana macho.

Lakini bei ya gari hushuka, gharama yake haishuki. Gari hili lilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye kipato cha kununua gari jipya la aina hiyo, kwenye nchi yenye lami kila kona. Miaka 20 baadaye bei imeshuka hadi kwako, lakini chuma ni kile kile. Kila tairi, mbele na nyuma, imeshikwa na mikono miwili, ya juu na ya chini. Ndiyo maana gari linakata kona kama limeng'ang'aniwa na ardhi. Ndiyo maana pia lina bushi nyingi za kufa kuliko IST, ambayo nyuma ina ekseli rahisi tu. Lipeleke kwenye lami ya Isaka, Kahama hadi Lusahunga, litakushukuru. Likunje kuelekea Ulowa au Uyogo, kwenye vumbi na yale mawimbi tunayoyaita rasta, na kila bushi inaanza kuhesabu siku zake. Tairi zake za inchi 17 zina mpira mwembamba, kwa hiyo shimo halipigi tairi, linapiga rimu.

Kuna na mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muulize anayekuuzia kwamba ulibadilishwa lini. Atakujibu kwa fahari: "Injini haijawahi kufunguliwa." Kwa injini ya umri huo, hilo ni jibu la kutia wasiwasi, na sisi tunalipokea kama sifa.

Tuhesabu mafuta. Chukulia unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi na petroli iko kwenye shilingi 3,000 kwa lita. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa shilingi 375,000. Linalokwenda kilomita 15 litakunywa 200,000. Tofauti ni 175,000 kwa mwezi, yaani milioni 2 na laki 1 kwa mwaka, kabla hujanunua hata plagi moja. Tena kumbuka kwamba mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mzigo ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta. Tangu siku hiyo anayekunywa zaidi ndiye anayelipa zaidi.

Hata hivyo, ukubwa wa gharama peke yake usingenifanya niandike. Kinachoniudhi ni ratiba yake. Ushetu pesa haiji kila mwezi. Mkulima wa tumbaku anaingiza mbegu kitaluni, anahamisha miche, anapalilia, anachuma, anakausha, kisha anasubiri soko. Malipo yanapita AMCOS, deni la mbolea linakatwa kwanza, na kinachobaki kinatakiwa kimfikishe msimu ujao. Kijana aliyekwenda Kakola au Nyarugusu naye analipwa siku duara likitema, na duara halina tarehe. Mtumishi wa umma, mwalimu au muuguzi wetu, ndiye pekee mwenye pesa ya kila mwezi, lakini akishachukua mkopo wa benki miezi yake ameshaiuza mapema, amebakishiwa theluthi ya mshahara ambayo sheria inakataza kuguswa. Wote watatu wanafanana katika jambo moja: wakati wa kununua gari wana fungu, na wakati wa kulihudumia hawana kitu.

Gari la kispoti lililozeeka halijui msimu. Halisubiri soko lifunguliwe ndipo livujishe rejeta. Linachemsha mwezi wa pili, wakati tumbaku iko shambani na mfukoni kuna vocha tu. Hapo ndipo mwenye gari anaanza kuahirisha. Oili itangoja. Shokapu itangoja. Taa ya injini inawaka, anaifunika kwa kipande cha gundi ya karatasi. Kila anachoahirisha kinaua kingine: rejeta isiyozibwa inapika gasketi, gasketi inapindisha silinda hedi, na kazi ya laki moja inageuka kazi ya kushusha injini. Wanaosema gari lina nuksi wasome ratiba ya mwenye gari. Nuksi iko pale.

Ukiingia gereji za Kahama utayakuta. Chini ya mwembe, tairi zimelala, vioo vimeshika vumbi la misimu miwili, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Fundi hana kosa. Anafungua na kufunga Hiace, Noah na malori ya njia ya Rwanda akiwa anapiga soga, lakini sensa ya gari hili haipo dukani kwake. Lazima iulizwe Dar es Salaam, Kariakoo au Ilala, itafutwe ya mtumba, itumwe kwa basi, ifungwe, ionekane si yenyewe, irudishwe. Wiki tatu zinapita. Nauli ya bodaboda unalipa kila siku, ukiwa mwenye gari.

Hapa najua jibu linalokuja: "IST nayo ni ya mwaka 2003, mbona huisemi?" Ni kweli, nayo ni kuukuu, nayo inaharibika. Ila magonjwa yake yanajulikana na kila fundi kuanzia Isaka hadi Geita, na dawa yake inaning'inia kwenye kila duka la spea. Inaharibika asubuhi, jioni iko barabarani. Uimara wa gari mahali kama kwetu upimwe hivyo: linarudi barabarani baada ya muda gani, na kwa pesa ya nani.

Jambo lingine linalonishangaza ni jinsi tunavyonunua. Mzee wa kwetu, hata asiyejua kusoma, hanunui ng'ombe mnadani bila kumfungua mdomo. Anahesabu meno, anashika nundu, anamtembeza aone kama anachechemea. Mjukuu wake mwenye shahada ananunua gari kwa picha tatu za simu. Swali lake kubwa ni "namba gani?", namba D au namba E, wakati herufi hiyo inasema tu gari lilisajiliwa lini nchini kwetu. Haisemi lilizaliwa lini. Gari la 1999 linaweza kuvaa namba ya juzi.

Na magari haya nayo mengi yametoka mnadani. Kwenye minada ya Japani kila gari linakaguliwa na kupewa karatasi yenye daraja lake, kilomita zake na michoro ya kila mkwaruzo. Lililowahi kugongwa na kutengenezwa hupewa alama ya R. Meno ya gari ni hiyo karatasi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuidai?

Tujiulize pia kwa nini gari limetoka Japani kwa bei ndogo. Kule gari jipya hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Anayeliuza anakimbia bili. Halafu yale machache yaliyotunzwa vizuri yana wateja wengine, maana Marekani inaruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, na wapenzi wa magari ya Kijapani kule wana dola. Altezza za kwanza zilivuka umri huo mwaka 2023. Lililobaki la bei ya kutupa lina sababu ya kuwa na bei hiyo. Hata serikali yetu inalijua hilo: gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30, na ukijumlisha ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, kodi inakaribia kulingana na gharama ya kulileta gari bandarini.

Wapo watakaosema mwacheni kijana afurahi, mbona wazee walioa wake watatu kwa pesa ya pamba. Sipingi furaha. Sauti ya injini ile ikipanda mlima saa kumi na moja jioni ni kitu kizuri, na maisha ya kubeba magunia kwenye Probox tu ni maisha makavu. Ninachopinga ni furaha ya wiki sita inayolipwa kwa mtaji wa miaka sita, na marafiki wanaopiga picha wameegemea boneti halafu hawapokei simu siku gari limelala Masumbwe.

Kwa hiyo anayelitaka alinunue kwa masharti ya mnadani. Adai karatasi. Amlipe fundi asiyejuana na dalali alipandishe juu na kulipima kwa mashine. Akishakubaliana bei, atenge nusu nyingine ya bei hiyo pembeni, isiyoguswa, kwa ajili ya mwaka wa kwanza: mkanda, oili zote, bushi, tairi, rejeta. Gari la milioni 9 ni la mwenye milioni 13 na nusu. Mwenye milioni 9 kamili hajafika bei, hata kama muuzaji anamwita bosi na kumkabidhi funguo.