Programu za wajawazito zisipimwe kwa sura

Mwalimu hampi mwanafunzi kitabu asichojua mwandishi wake. Mbona basi twaziamini ovyo programu za simu zinazowashauri wajawazito? Kipimo cha MARS, kilichotolewa Australia mwaka 2015, hukagua mvuto, utendakazi, sura na habari, kisha hutoa wastani. Hapo ndipo nisipokubaliana nacho, kwani sura nzuri yaweza kuficha habari potofu. Mjamzito anayeumwa sana na kichwa, macho yakififia, huenda yu ukingoni mwa kifafa cha mimba. Programu isiyomhimiza aende hospitalini mara moja haifai, hata ikimeremeta namna gani! Nazo zinazotaja mihudhurio 4 tu ya kliniki zimepitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 8 mwaka 2016.