Kicheko na Hofu: Dhidi ya Hukumu Rahisi

Mswada wa filamu unaochanganya kichekesho na kitisho, hasa ukiwa kazi ya mwandishi chipukizi, aghalabu hupokewa kwa hukumu moja: mwandishi achague ama kuchekesha ama kuogofya. Hukumu hii hutolewa kana kwamba ni kanuni ya sanaa, ilhali ni uvivu wa kihakiki uliovishwa joho la nadharia.

Watetezi wake humwegemea Aristotle, aliyeshikilia kwamba kinachochekesha katika futuhi ni kasoro isiyoleta maumivu wala maangamizi, na akaitengea tanzia hofu na huruma. Lakini Aristotle alieleza tamthilia ya Wayunani aliyoifahamu. Hakuitungia sheria sanaa iliyozuka zaidi ya miaka 2,000 baadaye. Isitoshe, msomi aliyelelewa kwa ngano hana udhuru wa kushangazwa na mchanganyiko huu. Zimwi la ngano hula watu na papo hapo hupumbazwa na mtoto. Hadhira hulicheka bila ya kuacha kuliogopa.

Filamu zenyewe zinaikanusha hukumu hiyo. Katika An American Werewolf in London (1981) ya John Landis, Jack, aliyeraruliwa na mtu aliyegeuka mbwamwitu, humrudia rafiki yake David akiwa maiti inayozidi kuoza, na bado hutania. Utani huo ndio unaobeba ujumbe wa kutisha: sharti David afe ndipo waliouawa wapumzike. Katika Shaun of the Dead (2004), iliyoandikwa na Simon Pegg na Edgar Wright, Shaun huenda dukani asubuhi asitambue kwamba wafu wanatembea mtaani. Kutotambua kwake kunachekesha. Kutotambua kuko huko ndiko kunakomhatarisha. Katika kazi zote mbili, kicheko na hofu huchotwa katika kisima kimoja.

Hapa ndipo kilipo kigezo. Swali la haki si iwapo tanzu mbili zimechanganywa, bali iwapo mzaha unaikuza hatari au unaifuta. Wahusika wakitaniana hata pasiwe na anayeogopa, hadhira nayo haina sababu ya kuogopa. Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jini linalofanyiwa mzaha katika kila onyesho limekwisha kuzoeleka, na taharuki imekufa. Kasoro kama hiyo huonyeshwa ukurasani: onyesho lipi, kauli ipi, hofu ilikatikia wapi. Vivyo hivyo huonyeshwa kichekesho kilichofichwa katika maelezo ambayo kamera haiwezi kuyanasa.

Wapo pia wanaopotoka kwa upole. Humwambia mwandishi kwamba kazi inafurahisha, aendelee vivyo hivyo. Wengine huuandika mswada upya, wakamrudishia filamu ambayo hakukusudia kuitunga. Wa kwanza humnyima maarifa. Wa pili humnyima kazi yake.

Hasara ya mazoea haya haimwangukii mwandishi peke yake. Chipukizi aliyehukumiwa kwa utanzu badala ya maandishi yake hujifunza kwamba wahakiki hawasomi, na hatawapelekea mswada wa pili. Uhakiki usioweza kumwelekeza mtunzi aliye hai hauna haki ya kujigamba kwa kuwafasiri waliokufa.