Gari la Kuvuta kwa Mbele Si Dhambi: Celica ya Zamani Dhidi ya Toyota 86

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando seva na hifadhidata. Nimechoka na imani moja ambayo imeenea kutoka Migori mjini hadi Homa Bay kama virusi kwenye flashi za saiba: kwamba gari la spoti lazima lisukumwe na magurudumu ya nyuma, na kwamba lolote linalovutwa na ya mbele ni gari la kubebea nyanya. Nitasema bila kuzunguka. Kwa barabara zetu, mvua zetu na mifuko yetu, Toyota Celica ya mwaka 2002 inayovuta kwa mbele ni gari la spoti bora kuliko Toyota 86 inayosukuma kwa nyuma. Umekasirika? Vizuri, endelea kusoma.

Mbona nahangaika? Kwa sababu binamu yangu wa Migori anayo Celica hiyo, yenye injini kubwa na gia sita za mkono, imelipwa yote, logibuku iko kwa jina lake. Kila akiipeleka kuoshwa, vijana wanamcheka. "Omera, hiyo ni Probox iliyovaa suti!" Wamemcheka mpaka sasa anataka kuiuza kwa bei ya hasira, achukue mkopo wa sacco wa miaka minne, anunue 86. Miaka minne ya makato ya mshahara ili magurudumu yanayozunguka yahamie nyuma! Mimi nimesomea kompyuta, si ufundi wa magari, lakini hesabu ni hesabu, na hii haijumliki.

Tuanze na magari yenyewe. Celica ya kizazi cha saba ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006. Ile ya injini ya 2ZZ-GE ina lita 1.8 na farasi 190 kwa vipimo vya Japani, na uzito wa takriban kilo 1,140. Toyota 86 ilitoka 2012, injini ya FA20 ya lita 2.0 iliyotengenezwa pamoja na Subaru, silinda zimelala kushoto na kulia, farasi 200, uzito wa takriban kilo 1,230. Miaka kumi ya teknolojia kati yao, na tofauti ni farasi kumi na kilo tisini! Gawanya uzito kwa farasi: Celica kilo 6.0 kwa kila farasi, 86 kilo 6.15. Kikokotoo chako kitakubaliana nami.

Halafu kuna jambo ambalo wale wa kuosha magari hawalijui. Ile 2ZZ ya Celica wanayoicheka ndiyo Lotus waliyoichukua wakaiweka katikati ya Elise, nyuma ya dereva, ikisukuma magurudumu ya nyuma. Elise hiyo inaheshimiwa dunia nzima. Injini ni ileile. Kwenye Elise ni "gari la kweli", kwenye Celica ni "Probox iliyovaa suti". Hapo unaona kwamba hatuzungumzii uhandisi tena, tunazungumzia dini.

Na dini hii najua ilikotoka, maana sisi wa programu tuna ya kwetu. Mtu anakuambia kwamba programu ya kweli huandikwa kwa C, kumbukumbu unaisimamia mwenyewe kwa mkono, na lugha inayokusafishia kumbukumbu ni ya watoto. Kisha programu yake inaanguka saa nane usiku, na yule "mtoto" wa Python amelala. Kwenye magari, kitabu chao kitakatifu ni katuni ya Kijapani ya Initial D na ile Corolla AE86 ya 1983 hadi 1987, inayoteremka mlimani usiku ikitupa mkia. Toyota 86 imepewa jina lake kwa heshima ya gari hilo. Hadithi ni tamu, siikatai. Lakini mlima ule una lami ya Japani, na hauna trela la miwa.

Sasa tuingie kwenye fizikia, polepole. Tairi ni kama mashine yenye kumbukumbu ndogo. Lina kiasi kimoja tu cha mshiko, na kazi tatu zinakigombania: kuongeza mwendo, kufunga breki, na kukata kona. Ukitumia chote kukata kona, hakuna kilichobaki cha kuongeza mwendo. Gari la kuvuta kwa mbele linabebesha tairi za mbele kazi zote, ndiyo maana ukizidisha mafuta kwenye kona pua inakwenda nje, gari linakataa kukunja. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, na ni ya kweli. Lakini angalia dereva aliyeshtuka anafanya nini: anaachia mafuta. Na kuachia mafuta kwa kawaida ndiyo dawa! Uzito unarudi mbele, pua inarudi ndani.

Gari la kusukuma kwa nyuma likizidishiwa mafuta kwenye kona yenye utelezi, mkia ndio unaotoka. Dereva aliyeshtuka anafanya lilelile, anaachia mafuta ghafla, au mbaya zaidi anakanyaga breki. Uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapoteza hata kile kidogo zilichokuwa nacho, na gari linageuka kutazama lilikotoka. Dawa ni kugeuza usukani upande wa pili kwa wakati na kwa kipimo, kabla hujawaza. Wangapi kati yetu wamefundishwa hivyo? Shule ya udereva ilikufundisha kuzunguka vigari vya plastiki juu ya ubao, ukapewa leseni.

(Kabla hamjanirukia: ndiyo, hata la kuvuta kwa mbele linaweza kutupa mkia ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona kali. Magari mengi ya spoti ya zamani yalipangwa hivyo makusudi. Lakini hapo umeshakwenda kasi ya kutafuta shida.)

Twende kwenye uzito. Celica ina karibu asilimia 60 ya uzito wake juu ya magurudumu ya mbele, yaani yale yanayovuta. Ni kama kilo 680. Toyota 86 imegawanywa 53 mbele na 47 nyuma, kwa hivyo magurudumu yanayosukuma yamekaliwa na kama kilo 580. Tofauti ni kilo mia moja, zaidi ya gunia la mahindi, inayokandamiza tairi za kazi. Kwenye lami kavu haijalishi sana, kwa sababu ukikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma na 86 inafaidi. Kwenye utelezi huwezi kukanyaga hivyo, kwa hivyo uzito hauhami sana, na unabaki na kile ulichopewa kiwandani.

Na utelezi tunao. Nimeendesha magari yote mawili kutoka Migori kupitia Awendo na Rongo hadi Homa Bay. Ile 86 ni ya rafiki yangu wa Kisumu aliyekuja nayo kwenye mazishi. Pale Awendo trekta za miwa zinatoka mashambani na tope kwenye magurudumu, zinaliacha juu ya lami, na mabua yanaanguka hapa na pale. Likikauka ni vumbi, likinyeshewa ni sabuni. Kutoka Rongo kwenda Rodi Kopany kona ni nzuri, hapo 86 ilinipa raha ambayo sitaikana: usukani wake unaongea, unakaa chini kabisa, gari linazunguka kiunoni pako. Celica haina hiyo. Kisha tukakaribia ziwa, mvua ya alasiri ikamwagika kama kawaida yake, na raha yote ikageuka kazi. Kila tuta, kila dimbwi, namba za kuwaza kichwani. Celica kwenye mvua ya aina hiyohiyo wiki iliyotangulia ilikuwa inavuta tu, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Msishangae. 86 iliuzwa na tairi za Michelin Primacy HP za upana wa milimita 215, aina ileile iliyowekwa kwenye baadhi ya Prius. Si ubahili. Kikosi cha mhandisi mkuu Tetsuya Tada kilitaka gari lenye mshiko mdogo ili lichezeke kwa mwendo mdogo. Yaani gari hili limetengenezwa liteleze! Ni wazo zuri sana kama una uwanja wa mashindano. Sisi tuna boda boda wanne mbele na mama mwenye karai la omena pembeni.

"Lakini 86 ni ya kisasa, ina mfumo wa kuzuia kuteleza." Asante, nilikuwa nakungoja hapo. Ni kweli, na ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote. Kihisi kimoja kinasoma usukani umegeuzwa kiasi gani, kingine kinasoma gari lenyewe linazunguka kiasi gani, vingine vinasoma kasi ya kila gurudumu. Bosch, walioutoa mfumo huo sokoni 1995 kwenye Mercedes S-Class, wanasema unalinganisha nia ya dereva na mwendo wa gari mara 25 kwa sekunde. Visipolingana, unafunga breki ya gurudumu moja peke yake. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza hilo. Ulaya waliufanya lazima kwa magari mapya mwaka 2014. Mwaka 1997 Mercedes A-Class, ya kuvuta kwa mbele, ilipinduka kwenye jaribio la kukwepa kule Uswidi, na dawa iliyotolewa ilikuwa mfumo huohuo. Kwa hivyo kinachookoa watu kwenye 86 ni programu. Sasa niambie, mwenye 86 akitaka kuonyesha kwamba yake ni "gari la kweli", anafanya nini kwanza? Anabonyeza kitufe kwa sekunde tatu na kuizima! Unalipa mkopo wa miaka minne kununua programu bora ya kuokoa maisha, kisha unaizima ili vijana wa kuosha magari wakuheshimu. Kama mtu angezima nakala rudufu za seva yangu ili "ajisikie msimamizi wa kweli", ningemfukuza siku hiyohiyo.

Wengine watataja Safari Rally. Nao wako sahihi nusu. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun za kusukuma kwa nyuma. Celica yenyewe, ile ya kale ya turbo ya kusukuma kwa nyuma, ilishinda 1984, 1985 na 1986 mikononi mwa Waldegård na Kankkunen. Ila ule wa 1986 ndio ushindi wa mwisho wa gari la aina hiyo kwenye Safari, ukiacha ile ya magari ya kale. Tangu hapo ni magurudumu manne. Na la kuvuta kwa mbele? DKW ilishinda 1956, na Saab 96 ya Erik Carlsson ikawa ya pili 1964. Hao walikuwa wanapita kwenye tope ambalo 86 yako ingeacha sakafu yake humo.

Ninyi mnaocheka, kwani mnaendaje nyumbani? Ukiacha lami kule ndani Ndhiwa au Nyatike, udongo mweusi ukiwa umelowa, kinachokufikisha ni Probox iliyojaa watu na samaki, na Probox nyingi zinavuta kwa mbele. Kilima kikishinda, dereva anageuza gari na kupanda kinyumenyume ili uzito ulalie magurudumu yanayovuta. Sisemi Celica ipelekwe huko, iko chini mno, sawa na 86. Nasema msitukane teknolojia inayowapeleka kwa mama zenu.

Ufundi nitaupitia haraka. 2ZZ za miaka ya mwanzo zina bolti fulani kwenye mfumo wa valvu ambazo huisha, na zikiisha injini haipati ule moto wake wa baada ya mizunguko 6,000. Zibadilishwe, ni kazi ndogo. FA20 za 2012 na 2013 ziliitwa kiwandani mwaka 2018 kwa sababu ya springi za valvu, na kazi ile inadai injini itolewe. Unayenunua iliyotumika, uliza kama ilifanyika. Mafundi wa Subaru tunao, lakini plagi za injini iliyolala hazifikiki kwa dakika kumi.

Jambo la mwisho ambalo binamu yangu halitazami ni kanuni ya miaka minane ya KEBS. Mwaka 2025, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikukubaliwa bandarini Mombasa. Celica ya mwisho ni ya 2006. Hakuna nyingine inayokuja. Zilizoko Kenya ndizo hizo, na kila moja inayogongwa au kukatwa spea inapunguza hesabu. 86 anaweza kuinunua hata mwaka ujao akiwa bado anaitaka. Celica akishaiuza hataipata tena.

Fomu ya sacco anayo mezani, hajatia sahihi. Nimemwambia achukue sehemu ndogo tu ya pesa hizo anunue tairi nne nzuri zinazofanana, shoki mpya za mbele, na zile bolti. Wale wa kuosha magari wakimcheka tena, awaulize injini ya Elise inatoka wapi. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.